Nyekundu ya Mzee Chiu

Yen-ting alikuwa na kiburi cha mafundi wengi wa kompyuta: kitu kikikubali kuungana, kazi imekwisha. Na hiki kilikuwa kimekubali. Programu ya kununua na kuuza hisa bila mtu kuishika, waliyoinunua kutoka Marekani, ilijua kusoma mafaili yake yenyewe tu. Yeye akaitengenezea njia mpaka kwenye hifadhidata iliyokaa katika kompyuta nyingine, stoo, kando ya gunia la mchele. Jedwali moja lilikuwa la kampuni, jingine la maoni ya baba yake, na yote mawili yaliungana kwa namba ya kampuni. Akajaribu kuvuta taarifa, zikaja zote bila kukosa hata moja.

Maoni yenyewe yalikuwa rangi. Baba huyo, Mzee Chiu, hakuwa mtu wa maelezo. Kila jioni alipitia kampuni zake akisema nyekundu au kijani, na binti yake Yen-ting akaandika vilevile. Nyekundu, inapanda, kaa nayo. Kijani, inashuka, achana nayo. Pale Tainan, mji wa Taiwan, hata mtoto wa chekechea anajua hivyo, kwa hiyo nani angepoteza muda kuuliza?

Kiwanda cha minyororo ya baiskeli kilikuwa nyekundu tangu siku ya kwanza. Hisa zake aliziacha marehemu mama, aliyefanya kazi humo mpaka vidole vikapinda, akizinunua kidogo kidogo kwa jina la mumewe. Hizo haziuzwi. Mzee alikuwa amelisema hilo mpaka akachoka kujisikia mwenyewe.

Asubuhi ya kwanza ya programu kazini, soko lilipofunguliwa tu, mzee aliingia na maziwa ya soya na vijiti vya unga vya kukaanga.

"Haya, mhandisi. Mashine yako imeamka, au bado inapiga mswaki?"

"Imeamka kabla yako, Baba. Kaa uone."

Kwenye televisheni bei ya kiwanda ilikuwa imewaka nyekundu. Mzee akajipiga paja. "Umeona? Mama yako huyo! Nilisema mimi!"

Yen-ting aligeukia kompyuta yake. Kwenye skrini yake jina la kiwanda lilikuwa la kwanza katika mauzo ya asubuhi. Zimeuzwa zote. Chini yake, kampuni ambazo mzee alizitaja kijani huku amekunja uso zilikuwa zimenunuliwa. Akasoma tena.

"Unasoma nini hapo?"

"Baba... imeuza."

"Imeuza nini?"

"Za Mama."

Mzee alicheka kwanza. "Acha utani wa kijinga. Zile niliweka nyekundu."

"Ndiyo. Kwao Marekani nyekundu ni bei inayoporomoka. Imesoma rangi yako, ikakimbia."

"Nyekundu?" Mzee alisimama, kikombe kikamponyoka. "Bahasha ya mwaka mpya ni nyekundu! Mlango wa harusi mwekundu! Mtu gani duniani anaiona nyekundu akakimbia?"

Yen-ting alichomoa waya uliokwenda stoo. Hakuwa na wa kumlaumu, programu ilitii ilichoandikiwa, na aliyeiandikia ni yeye. Akatuma agizo la kuzinunua upya, lakini bei ilikuwa imegonga kikomo cha siku, isiruhusiwe kupanda zaidi, na siku kama hiyo wanaouza ni wa kutafuta kwa tochi. Agizo lake likakaa mkiani mwa foleni. Alikodolea macho foleni ile asubuhi nzima, akiomba kimoyomoyo mtu yeyote, popote alipo, aingiwe na woga auze. Mzee alifuta maziwa sakafuni, kisha akakaa.

Karibu na soko kufungwa, foleni ikatikisika. Kuna mtu alikuwa ameuza nyingi. Agizo likatimizwa, lote.

"Zimerudi!" Yen-ting aliruka, machozi yakimtoka. "Baba, idadi ileile! Hazijapungua hata moja!"

Mzee alivaa miwani, akaisogelea skrini, akasoma tarehe ya ununuzi. Ilikuwa ya leo. Akamshika binti yake begani kwa upole, na upole ule ndio uliomvunja Yen-ting moyo.

"Hizi umenunua wewe, mwanangu," alisema. "Alizonunua mama yako zimeshakwenda."