Sanduku la Mama Mkwe

Fundi mwashi, mtu wa kubeba mifuko ya saruji kutwa nzima, aliangushwa na sanduku la nguo. Tena la mama mkwe wake!

Asubuhi hiyo alikuwa anamhamishia mama huyo kwa mwanawe wa kiume, na mama mwenyewe hakuulizwa kama anataka. Kisa? "Mama yako siku hizi anakaa tu," alimwambia mkewe kila mara. "Hata ndoo ya maji hainui." Mke alienda kazini macho yamemvimba kwa kulia. Fundi akainama mlangoni, akashika sanduku, akavuta. Lo! Kitu kikamchoma kiunoni, akaenda chini mzima mzima.

Uti wa mgongo bwana, ukiwa mzima hata huukumbuki. Ukigoma ndipo utajua kwamba kukohoa ni mgongo, kucheka ni mgongo, hata kugeuka umtazame mtu unayemfukuza ni mgongo. Fundi alijaribu kuinua kichwa, machozi yakamtoka.

"Tulia, usijikaze," mama mkwe alisema. Wala hakumvuta mkono. Alimwambia ageuke chali polepole, akamwekea mto chini ya magoti. "Pumua. Miguu unaihisi? Haya, hilo ndilo la kushukuru."

Maumivu yakalegea kidogo. "Umejuaje, Mama?"

"Yalinikuta hapa hapa, mapacha wako walipokuwa wachanga na mama yao hajiwezi. Mmoja mgongoni, mwingine mkononi. Nililala sakafuni mpaka yakaniachia. Tangu hapo kitu kizito sithubutu."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema saa ngapi, baba? Mlikuwa na yenu ya kutosha."

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Miezi yote hiyo amemwita mvivu, tena kwa sauti ya kusikika chumba cha pili, na mama wa watu kanyamaza kimya. Aibu ilimuuma kuliko kiuno.

"Nisamehe, Mama. Usiende."

"Niende wapi, na wewe umelala mlangoni?"

"Sitanii. Hata nikisimama, usiende. Nakuomba."

Hapo mama mkwe akaketi juu ya sanduku, akafunika uso kwa viganja, akalia. Tangu aanze kufungasha nguo zake hakuwa ametoa hata chozi.