Kifua cha Maroa

Maroa, mtoto wa miaka miwili, alikuwa amekohoa masika yote. Mama yake, Robi, alishampa dawa za maji za kila rangi zilizouzwa Migori. Akimeza, anapata nafuu kidogo, kisha kifua kinarudi palepale. Miaka ile ya tisini, kikohozi kisichopona kilikuwa na jina moja tu midomoni mwa watu, ukimwi, na majirani walishaanza kulinong'ona.

Robi aliingia kliniki akiwa amejiandaa kusikia mabaya. Daktari alikuwa mgeni pale, kijana mpole aitwaye Mokua. Hakukimbilia kuandika dawa. Alimfungua mtoto shati akiwa bado amepakatwa, akatazama mbavu zinavyopanda na kushuka. Akasikiliza kifua upande wa kushoto, kisha kulia, kisha akarudi kushoto.

"Mama, kikohozi hiki kilianza polepole, pamoja na mafua, au kilimshika ghafla?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Robi alifikiri.

"Ghafla. Tulikuwa kwa shangazi yake Uriri, tunamenya njugu. Alizitia mdomoni, akacheka, akapaliwa. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Kisha akatulia, nasi tukaendelea na kazi."

"Na kabla ya hapo?"

"Alikuwa mzima kabisa."

Mokua akamvalisha Robi masikioni kifaa chake cha kusikilizia kifua. Upande wa kushoto pumzi iliingia vizuri, laini. Upande wa kulia palikuwa karibu kimya, ila mluzi mwembamba kwa mbali.

"Umesikia tofauti? Nadhani kuna kitu kimekwama kwenye njia ya hewa. Dawa ya maji haiwezi kukitoa. Nendeni hospitali ya Homa Bay leo hii, na njiani usimpe chakula chochote."

Kule Homa Bay alipigwa picha ya kifua, kisha daktari wa upasuaji, Edinah Nyaboke, akampokea mtoto na mlango ukafungwa. Robi alibaki ukutani, mikono haijui ishike nini. Aliomba kwa Kikuria, akarudia kwa Kiswahili, asije Mungu akakosa kumwelewa.

Mlango ulipofunguliwa, Edinah alikuwa ameshika kipande cha pamba. Juu yake palikuwa na nusu ya njugu, imevimba na kuwa nyeusi.

"Hii ndiyo iliyokuwa ikimkohoza, mama. Mtoto wako hana ugonjwa mwingine."

Robi akaketi sakafuni akicheka na kulia kwa pamoja.

Jioni Maroa aliamka wodini, akavuta pumzi ndefu isiyo na mluzi, akaangua kilio cha njaa kilichofika hadi getini. Akina mama wa vitanda vya jirani, waliokwisha kusikia habari yake, wakapiga vigelegele. Robi akamwinua juu ili wote wamwone, akamwacha alie atakavyo.