Wasifu wa Nyamizi

Hebu ona mambo ya Joakim, katibu wa parokia: wasifu mzima wa marehemu kaumaliza kwa mistari mitatu! "Nyamizi alizaliwa Sapiwi. Alilima pamba. Aliimba kwaya kwa uaminifu." Basi. Akamkabidhi Jilala karatasi aisome msibani, maana yeye ndiye rafiki.

Jilala akaisoma mara mbili, damu ikamchemka. Huyu ni Nyamizi kweli? Aliyetunga nyimbo za kulimia, watu wakamaliza shamba bila kusikia mgongo? Aliyeimbia ng'ombe na harusi, na juzijuzi vijana wa Bariadi mjini wakamrekodi na kinanda chao, wakabaki midomo wazi?

"Na ngoma zake je?" akamuuliza Joakim.

"Mzee wangu, ngoma tuziache. Yale maneno ya dawa unayajua. Na padri yupo."

Aliyajua, tena kuliko wote. Zamani yeye aliongoza ngoma ya Wagika, Nyamizi ya Wagalu. Makundi hayo hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule anayekimbiliwa na watazamaji. Mwaka mmoja watazamaji walimhama Jilala wote wakamkimbilia Nyamizi, hata mama yake Jilala mzazi! Kwa hasira akatangaza kwamba Nyamizi katumia dawa. Baadaye wakapatana, wakawa marafiki wa kufa na kuzikana, lakini maneno yalishatembea.

Kuyasema hayo msibani ni aibu. Ila kumzika Nyamizi nusu? Thubutu!

Akasimama kando ya jeneza, karatasi akaitia mfukoni. Akazitaja nyimbo zote, za kanisani na za uwanjani. Kisha akasema, "Nyamizi hakuwa na dawa. Uongo ule niliutunga mimi, kwa wivu. Alinishinda kwa sauti na akili, mchana kweupe."

Minong'ono ikazuka. Joakim akakohoa, wee, akakohoa! Veronica, binti wa marehemu, akainuka, macho mekundu.

"Baba Jilala, miaka yote hiyo! Kwa nini hukumwambia mwenyewe?"

"Nilimwambia, mwanangu, mwaka jana. Alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema, 'Mimi nilijua siku ile ile, we Jilala. Kawaambie watu, ningali hai nisikie.'" Akaligeukia jeneza. "Nikasema kesho. Kila siku nikasema kesho."