Kabichi za Alhamisi

Stambuli alikuwa mnyonyaji. Nalisema hilo mwanzo kabisa, asije mtu akadhani nimezeeka na sasa naanza kumsafisha. Tenga lake la kununulia kabichi lilikuwa kubwa kupita matenga yote ya Morogoro, na hata likijaa alitaka vichwa vingine vipandishwe juu yake, lumbesa, mpaka lifungwe kwa kamba ndipo liitwe tenga moja. Akina mama wa Lubondwe walijaza, wakanuna, wakajaza tena. Kisha yeye alishusha mahindi kutoka kwenye lori lake na kuwapimia kwa debe lililobonyea chini. Mtu wa kwanza kulitaja lile debe hadharani nilikuwa mimi, Benedikto, katekista wa zamani, na kwa sababu hiyo watu wakanichagua kuwa diwani mwaka 1970.

Asiyeijua milima yetu ataona ajabu mkulima kununua mahindi. Kwetu Mgeta juu ni baridi, mashamba yamesimama wima kama kuta, na mahindi tunayopanda huchelewa kukomaa na hayafikishi mtu mwisho wa mwaka. Kinachokubali ni kabichi, njegere na viazi. Basi tunawalimia kabichi watu wa Dar es Salaam, nasi tunakula mahindi ya watu wa Mlali, chini ya mlima. Kabichi zisiposhuka, mahindi hayapandi. Hayo niliyajua tangu nikiwa mgongoni kwa mama yangu, na ndiyo maana sina pa kujificha.

Nilikuwa diwani wa bidii. Acha nijisifu kidogo, maana sioni mwingine atakayefanya hivyo. Niliwasimamia watu wakajenga daraja la magogo kwenye kijito cha shule, nikazunguka nyumba kwa nyumba kukagua vyoo mpaka wakanipa jina la Bwana Choo, nikasumbua ofisi za wilaya juu ya barabara mpaka makarani wakiniona mlangoni wanainamisha vichwa. Lakini watu walikuwa wanasubiri moja tu kwangu: nimwondoe Stambuli.

Mkutano tuliufanya uwanja wa shule. Nilisoma barua ya Ushirika wa Mboga wa Milimani iliyosema lori lao litapanda Lubondwe kila Alhamisi, lenye mizani ya haki, na kwamba kijiji kikiazimia, mfanyabiashara binafsi hataruhusiwa tena kununua mboga katika kata. Mikono yote ikapaa, isipokuwa wa dada yangu Regina.

Regina ndiye dada yangu wa pekee, mkubwa kwangu kwa miaka sita, na mjane. Kwetu Waluguru shamba linapita kwa mama, na watoto wa dada ni wa mjomba. Kwa hiyo watoto wake wanne ni wangu kuliko hata niliowazaa mwenyewe, ambao nao wana wajomba zao. Alisimama na jembe lake begani, maana alikuwa ametokea shambani.

"Benedikto, hilo lori umeliona?"

"Nimesoma barua yake, dada."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Basi lije kwanza. Lije mwezi, miezi miwili. Tukishalizoea ndipo mumfukuze huyu."

Hapo ningeweza kunyamaza na kufikiri. Badala yake nikatoa hotuba. Nikasema Stambuli ni kupe, na wapo watu waliozoea nira mpaka wakivuliwa wanalia shingo inapata baridi. Makofi yakapigwa mpaka kuku wa mwalimu wakakimbia. Regina akaketi chini akalilaza jembe mapajani. Nimepigiwa makofi mengi katika maisha yangu, na hayo ndiyo ninayotamani yangerudishwa.

Azimio tukaliandika, watu wakatia dole gumba, nikalipeleka mwenyewe mjini. Leseni ya Stambuli haikuandikwa upya. Alipanda mara ya mwisho kuja kuchukua matenga yake matupu, akanikuta barabarani. "Umeniweza, diwani," alisema, akaingia kwenye lori akaondoka. Nilijiona nimekuwa mrefu.

Na lori la ushirika likaja kweli. Lilikuja Alhamisi tatu mfululizo, likiwa na mizani, na karani wake aliwaita wanawake "mama" na si "we mwanamke." Hata mahindi lilipandisha. Alhamisi ya tatu Regina alinifuata akaniambia, "Nilikosea, mdogo wangu." Alisema mbele za watu. Nilipaswa kumwambia hakukosea, alikuwa na tahadhari tu. Nikamwambia, "Sasa umeelewa."

Kabichi ya Alhamisi hukatwa Jumatano. Haiwezekani kukata Alhamisi yenyewe, kwa kuwa toka mashambani hadi barabarani ni mteremko wa saa nzima, na mtu hubeba kichwani safari sita, saba. Jumatano ile ya nne niliwapitia watu nikawahimiza wakate kwa wingi. Ushirika ulikuwa umeandika kwamba kijiji kitakachojaza lori kitaingizwa kwenye mpango wa kupata lori la pili. Nilimkuta Regina amekata nusu ya shamba na anaosha miguu kwenye mfereji.

"Na zile nyingine?"

"Zile ni za wiki ijayo."

"Zimekomaa, dada. Watu wanakutazama wewe. Dada yake diwani asiwe wa mwisho."

Alichukua kisu akarudi shambani. Akakata zote. Maria, binti yake mkubwa, na wadogo zake walibeba mpaka jua likazama.

Alhamisi asubuhi rundo la Lubondwe lilikuwa refu kuliko mtu. Kwenye bonde letu gari husikika nusu saa kabla halijafika, likinguruma kwenye kona za chini, likipotea, likirudi. Tulikaa tukisikiliza. Saa nne tukasikia mngurumo, watu wakainuka, wengine wakaanza kujitwika matenga. Lilikuwa gari la padri. Alitupungia mkono akapita. Tukakaa tena.

Ijumaa tukazifunika kwa majani ya migomba na kuzinyunyizia maji. Nilizunguka nikisema lori lina pancha, lori limekwama Mlali, lori linakuja. Sikuwa na habari yoyote. Nilisema tu kwa kuwa kila aliyenitazama alitaka niseme kitu. Jumamosi majani ya nje yalikuwa ya njano, na harufu ikaanza, ile harufu ambayo aliyelima kabichi haisahau. Alfajiri hiyo nikashuka kwa miguu.

Mlali nilipata lifti ya gari la mkaa mpaka mjini. Katibu wa ushirika, kijana mpole aitwaye Lukasi, alinipeleka nyuma ya ofisi. Lori letu lilikuwa pale, limenyanyuliwa juu ya mawe, giaboksi imetolewa na kufunikwa turubai.

"Tangu lini?"

"Jumanne, mzee."

"Na mlijua sisi tunakata Jumatano?"

"Nilituma barua, mzee. Ilipanda na gari la padri."

Barua hiyo nilikuja kuikuta Jumapili, ndani ya mfuko wa misheni, kabichi zikiwa na siku nne barabarani. Nilimwuliza lini lori litapona. Akasema vipuri vimeagizwa Dar, na huko Dar nako vimeagizwa ng'ambo. Nilimwuliza kama lipo jingine. Akasema lipo moja, linahudumia kata tisa, na zote zimekata. Nilitaka kumfokea. Nilipandisha sauti kabisa, kisha nikaona kola ya shati lake imegeuzwa na kushonwa upya, na kwamba macho yake ni mekundu kwa kufokewa tangu asubuhi na madiwani wanane. Nikaketi. Akaniagizia chai.

Ilibaki njia moja, na niliijua tangu nilipokuwa nateremka mlimani, ila miguu ilikuwa inajifanya haijui. Nikaenda kwa Stambuli, nyuma ya soko.

Alikuwa barazani anashona tenga. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee Stambuli," na nilisikia shikamoo yangu ilivyokuwa ndefu. Akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, akamwita mkewe Mwaisha alete chakula. Nikala wali wa yule mtu niliyemwita kupe mbele ya kijiji kizima. Nilikuwa na njaa, niseme nini?

"Zimekaa siku ngapi?" aliniuliza. Alikwisha jua.

"Ya tatu leo."

"Ukipakia jioni hii, ukasafiri kwenye ubaridi, nusu inaokoka. Unamenya majani ya nje, unauza ya ndani."

"Basi mzee, nakuomba. Nitakuandikia kibali mwenyewe. Jaza lumbesa utakavyo. Leta lile debe lako."

Akaweka tenga chini. Nilitegemea atacheka, na ningevumilia. Hakucheka.

"Diwani, lori nimeliuza. Bila leseni nilikuwa nalilisha nini? Lipo Turiani, linabeba miwa ya watu." Akatazama barabarani. "Miaka kumi na moja nimepanda kwenu. Mvua ikikata njia nalala Mlali ndani ya kabini, asubuhi napanda. Niliwaibia, ndiyo. Lakini Alhamisi niliijua."

Alikuwa mwizi aliyefika kila wiki, nami nilikuwa mtu wa haki niliyekaa barazani kwake nakula wali wake.

Nilirudi Lubondwe Jumapili baada ya misa. Nilidhani nitatukanwa, na njiani nilikuwa nimeandaa majibu. Hakuna aliyenitukana. Watu walinisalimia, wakaniuliza habari za mjini, wakanipisha kwenye njia. Nguruwe wa kijiji kizima walikuwa barabarani wanakula kabichi. Regina alikuwa anachambua rundo lake, akitafuta vichwa vya kupikia, na mikono yake ilikuwa na ute wa majani mpaka viwikoni. Nikainama nikaanza kumsaidia. Tulichambua mpaka mchana, tukapata kapu moja.

Nilijaribu yote. Nilirudi mjini mara tatu. Niliandika barua ya kuomba leseni itolewe kwa mtu mwingine yeyote, nikajibiwa kwa upole kwamba kijiji kimekwisha azimia kinyume cha hilo, na nakala ya azimio letu ikaambatanishwa, yenye madole gumba yetu yote. Wanawake walishusha mboga Mlali kwa kichwa, wakakuta Mlali imejaa mboga za wenzao wa kata nane. Mimi kama mjomba nilifungua ghala langu kwa watoto wa Regina. Kabla Februari haijaisha tulikuwa tunafagia sakafu yake. Maria alikonda mpaka sauti ikabadilika. Wale wadogo wakaacha kwenda shule, nami ndiye niliyekuwa nikiwatoza faini wazazi wa watoro.

Mwanzoni mwa Machi Regina alikuja barazani kwangu siku ya kazi za udiwani. Alipanga foleni kama wengine. Zamu yake ilipofika alisimama mbele ya meza, amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Habari za kazi, Bwana Diwani."

Dada yangu mkubwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia kidogo sana.

"Nataka barua ya utambulisho. Naenda Turiani na watoto. Wanachukua watu wa kupalilia mpunga, wanawalipa kwa chakula."

"Na shamba, dada? Shamba la mama?"

"Shamba halitakwenda popote."

Siku zile mtu hakuhama hata kwa mwezi mmoja bila barua ya kiongozi wake, na muhuri ulikaa kwangu. Miezi mingi nilikuwa nimeahidi lori, mahindi, mabati, zahanati. Hiki ndicho kitu cha kwanza mtu aliniomba nami nikawa nacho mkononi. Nikaandika: mwenye barua hii, mkazi wa Lubondwe, mwenye tabia njema, anasafiri na watoto wanne kwa ajili ya. Hapo kalamu ikasimama. Mwezi mmoja kabla nilikuwa nimepeleka taarifa ya kata wilayani, nikaandika kwamba tangu kuondolewa kwa walanguzi chakula kinatosheleza. Niliogopa. Nikaandika: kuwatembelea ndugu.

Nilimpa barua. Nilisahau kwamba alikuwa amehitimu darasa la watu wazima, darasa nililolifungua mimi. Akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza akaanza kusoma taratibu, kwa sauti, silabi kwa silabi, foleni nzima nyuma yake ikisikia. Alipofika mwisho alirudia maneno yale mawili. Kisha akainua macho.

"Ndugu gani, Benedikto? Turiani sina ndugu. Ndugu yangu ni wewe."

Kalamu ilikuwa bado mkononi. Ningeweza kukata maneno yale na kuandika njaa, neno fupi, silabi mbili. Nilitaka. Namwambia Mungu kila siku kwamba nilitaka. Mkono ukabaki pale juu ya meza, na Regina akasubiri, akanipa nafasi ndefu kuliko nilivyostahili, kisha akairudisha barua mbele yangu ili niigonge.

Nikapiga muhuri. Kisha nikamwita aliyefuata.