Minazi ya Kavumbi Juu ya Ghorofa

Jumapili, ibada ilipokwisha, Ndinda alivua viatu vya kanisani, akavitia mkobani pamoja na Biblia, akavaa malapa na kupanda bodaboda kutoka Muyeye hadi ng'ambo ya daraja la Sabaki, kwenda kuonja tembo. Hakupenda kuambiwa anakwenda kunywa. Mlevi, alisema, hunywa kilichopo. Mwonjaji huuliza kimetoka wapi. Siku za kazi alishona sare za shule kwa cherehani, na macho yalipochoka aliwaza Jumapili.

Alikuwa amezipitia mangwe zote, vilabu vya tembo la mnazi, kuanzia Mambrui hadi Takaungu. Alijua tembo la minazi inayopigwa na upepo wa bahari lina chumvi kidogo mwishoni, na la Kakuyuni ni zito. Alijua pia mangwe moja njia ya Gede, ambayo hatutaitaja maana mwenyewe ni mgomvi, ambako tembo hutiwa maji ya bomba. Lakini kila Jumapili alirudi Sabaki kwa Everlyne binti Kavumbi. Pale palikuwa na benchi za magogo, samaki wa kukaanga, na habari za watu zilizoiva kuliko samaki.

Everlyne alikuwa na desturi ya mangwe zote za heshima. Aliteka tembo kwa mboko, kile kibuyu kidogo cha kunywea, akanywa yeye kwanza mbele ya mgeni ili mgeni ajue halina kitu kibaya, ndipo akampa. Ndinda alivuta kwa mrija, akalifungia nyuma ya meno, akafumba macho. Kelele zilipungua.

"Haya, Mkamba wetu," alisema Njoroge, mwenye duka la saruji. "Nani huyo?"

"Bibi Arusi. Kagemwa leo asubuhi. Na mgema kala kitunguu."

Dzombo mgema alificha mikono nyuma, watu wakacheka. Minazi ya pale ilikuwa na majina. Bibi Arusi alitoa tembo tamu kuliko wote, Chongo alikuwa na tundu la ndege ubavuni, na mmoja ulioota karibu na choo ulikuwa na jina lisilotajwa mbele ya chakula. Yote ilipandwa na Kavumbi, babake Everlyne, kabla hajamzaa, na vidato vya kupandia alivichonga kwa mkono wake.

Ardhi iliyokuwa chini yake haikuwa na hati kwa jina la Kavumbi. Hati ilikuwa kwa mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Hilo halikumnyima mtu usingizi, kwa kuwa pwani kila mtoto anajua kwamba ardhi yaweza kuwa ya huyu na mnazi ukawa wa yule. Aliyepanda ndiye mwenye mnazi, akifa ni wa wanawe, hata mchanga ulio chini ya mizizi uuzwe mara ngapi.

Basi mchanga ukauzwa. Mnunuzi aliitwa Mwenda, mtu wa bara, mpole, anayewaamkia wazee shikamoo na kungoja marahaba. Alikuja na hati ndani ya bahasha ya plastiki, akaeleza kwamba atajenga nyumba yake hapo, na chini ya nyumba ukumbi wa mvinyo, wageni wa mahotelini waje waonje chupa za Italia, za Afrika Kusini na za Naivasha. Everlyne akamwambia karibu jirani, jenga, ila minazi ni yangu. Mwenda akatabasamu kama mtu aliyeambiwa jambo na mtoto.

Everlyne alikwenda kwa chifu. Chifu akamwambia aje Jumatatu. Jumamosi zikaja misumeno ya mashine. Bibi Arusi akaanguka, akaanguka Chongo, ukaanguka na ule wa chooni, na kibanda cha mangwe kikabomolewa jioni hiyo hiyo kwa kuwa gari la kubomolea lilikuwa limeshalipiwa siku nzima. Everlyne akabeba ndoo na mboko zake, akapanga chumba mtaa wa Kisumu Ndogo.

Kesho yake Dzombo alikwenda kazini kama kawaida. Mnazi uliozoea kugemwa ukiachwa siku moja huharibika, na yeye hakuwa mtu wa kuharibu mnazi wa watu. Akafunga kotama, kisu chake cha kugemea, kiunoni, akasimama kando ya kisiki cha Bibi Arusi, akaweka mguu kwenye kidato cha kwanza, kisha cha pili, akapanda. Alipofika mahali kilele kilipokuwa, akakaa, akapunguza karara, lile chipukizi linalotoa tembo, kwa kotama, akamimina tembo la usiku kibuyuni, akashuka. Kisha akaenda kwa Chongo.

"Imetoa kidogo," alimwambia Everlyne. "Imeshtuka."

Everlyne akaonja, akasema kwa siku hiyo litatosha. Kibanda kilikuwa hakipo tena, kwa hiyo akatandika mkeka kando ya barabara, nje ya ile ardhi. Siku hiyo ilikuwa Jumapili, na Ndinda alipofika, viatu vya kanisani mkobani, alipewa mboko kabla hajauliza kitu. Akafumba macho.

"Bibi Arusi," alisema. "Lakini ana hasira."

Njoroge naye alionja, akasema hana hakika, akaomba nyingine apate hakika.

Ukuta ukajengwa. Saruji yake ilitoka kwenye duka la Njoroge, jambo ambalo watu hawakuliacha lipite. Walimwambia anauza asubuhi anachokuja kukiegemea jioni. Walimwambia saruji yake imewazibia upepo. Njoroge alijibu kwamba saruji haiulizi inajenga nini, halafu, kwa kuwa hakulala vizuri, alileta benchi mbili mpya za mbao na hakuzitaja bei. Wakamsamehe kiasi cha benchi mbili.

Nyumba ikapanda, ghorofa ya kwanza na ya pili. Dzombo alipewa ngazi na vibarua wa ujenzi ili avuke ukuta. Nao walikuwa wateja. Wakati wa lipu tembo lilikuwa na vumbi kidogo. Wiki ya rangi Everlyne mwenyewe aliwaonya wateja, akawaambia kunyweni soda, tembo lina harufu ya rangi na sitaki mseme nimewauzia uchafu. Ndinda alionja hata hivyo, kwa ajili ya kujua, akasema ni rangi ya krimu. Walipochungulia juu ya ukuta, ilikuwa krimu.

Mwenda alipohamia na mkewe Phoebe, chumba chao cha kulala kilikuwa ghorofa ya pili, mbele, pale pale kilipokuwa kilele cha Bibi Arusi. Kivuli cha makuti kilianguka kitandani kila asubuhi na kucheza upepo ulipovuma. Dafu lilianguka likavunja vigae vya paa. Fundi aliyeitwa kutengeneza alisema ni dafu limevunja, akalinywa, akaweka vigae vingine.

Dzombo alikuwa mtu mwenye adabu. Mgema akipanda huona nyua za watu, kwa hiyo hupaza sauti kwanza ili anayeoga ajisitiri. Alipofika usawa wa dirisha alisema, "Hodi." Siku za mwanzo Phoebe alinyamaza. Lakini alikuwa amelelewa vizuri, na mtu aliyelelewa vizuri hawezi kuiacha hodi ikining'inia. Siku moja, akichana nywele, alijibu, "Karibu," na Dzombo akasema ahsante, akapita mbele ya kioo kwenda juu.

Ukumbi wa mvinyo ulifunguliwa kwa matarumbeta. Wageni walikuja kutoka mahotelini, wakapewa glasi zenye shingo ndefu, wakafundishwa kuzungusha, kunusa, na kusema wanachosikia. Walisema wanasikia matunda ya kwao. Kisha Dzombo alipita hewani na kibuyu mgongoni, akishuka, na wageni wakauliza yule anaonjesha nini. Mwenda akasema hakuna kitu pale. Mmoja wao akatoka getini na glasi yake mkononi kwenda kuangalia, na hakurudi mpaka magharibi. Jioni iliyofuata walitoka wengi.

Mwenda alimwita Ndinda kwenye veranda, akamwagizia soda. Alisema amesikia sifa zake. Alitaka awe mwonjeshaji wake ukumbini, avae aproni nyeusi, awaeleze wageni, na kama ataweza kumleta yule mgema ndani, tembo lile litiwe chupani kwa jina la nyumba.

"Na Everlyne?" Ndinda aliuliza.

"Everlyne hana kitu hapa. Wewe ni mtu wa bara mwenzangu, unaelewa biashara."

"Mimi ni mtu wa mangwe," alisema Ndinda. Akamaliza soda, kwa kuwa kumwaga ni dhambi, akatoka.

Ndipo Mwenda akaenda kwa chifu kushtaki kwamba mgema anaingia kwake bila ruhusa. Everlyne, aliposikia kuna kikao, akaenda na ombi lake: apewe njia kupita getini kuifikia minazi ya babake, kama ilivyokuwa siku zote. Watu wakajaa kwenye baraza ya ofisi, mabati yakiwaka jua juu yao. Wote wa mkeka wa barabarani walikuwepo. Ndinda alifunga cherehani siku ya kazi, na Njoroge akafunga duka.

Chifu alisikiliza pande zote. Alikuwa ameupita ukuta ule mara nyingi na mara nyingine alikuwa ameketi kwenye benchi la Njoroge, akitazama upande mwingine. Akasafisha koo, akatoa uamuzi. Ombi la Everlyne limekataliwa, kwa kuwa minazi ilikatwa na haipo, na mtu hawezi kupewa njia ya kwenda kwenye kitu kisichokuwepo. Ombi la Mwenda limekubaliwa. Dzombo amepigwa marufuku kupanda.

Ndinda akainua mkono.

"Chifu, samahani. Amekatazwa kupanda nini?"

"Minazi."

"Ipi?"

"Hiyo hiyo," alisema chifu. "Ambayo haipo."

Mtu mmoja alikohoa. Chifu alipiga mhuri kwenye karatasi, mhuri wa kweli wenye wino wa kweli, na karatasi ikabandikwa kwenye geti la Mwenda.

"Nimesikia," alisema Everlyne, akisimama na kukung'uta leso yake. "Kusikia nimesikia."

Alasiri ile Dzombo akapanda. Askari wakamngoja chini, na aliposhuka wakampeleka kituoni, kibuyu kikawekwa mezani kama ushahidi. Kufikia jioni ushahidi ulikuwa umepungua.

Minazi haikujua habari za kituoni. Iliendelea kutoa. Vibuyu vilivyokuwa vimefungwa kwenye makarara vikajaa, vikafurika, na tembo likaanza kudondoka kwenye kitanda cha Mwenda, tone kwa tone, likapenya godoro, likachacha. Nyuki wakaja. Mwenda akahamishia kitanda chumba cha nyuma, na huko kukawa ni chini ya Chongo. Phoebe alivumilia kadiri alivyoweza, halafu akavaa kanga mbili, akaenda kituoni mwenyewe, akawaambia askari mwachilieni mgema, nyumba yangu inanuka kama harusi. Wakamwachilia kwa onyo. Marufuku, walisema, iko pale pale. Dzombo akasema amesikia. Akaenda moja kwa moja kumimina vibuyu, na alipofika usawa wa dirisha Phoebe alikuwa ameshasema karibu.

Jumapili moja ukumbi ulikuwa na meza tupu na nje ya ukuta hapakuwa na pa kukaa. Wageni wa mahotelini walikaa kwenye ndoo zilizogeuzwa. Everlyne alizunguka akionja kwanza mbele ya kila mmoja, hata miguu yake ikaanza kumpa habari. Ndinda alikuwa anawaeleza Wataliano wawili tofauti ya Bibi Arusi na Chongo, kwa mikono zaidi kuliko maneno. Geti likafunguliwa, akatoka Mwenda peke yake, shati lake limepigwa pasi kama siku zote. Watu wakasogea wakampa nafasi kwenye benchi. Mangwe haimkatazi mtu kukaa.

Akawaamkia wakubwa, wakaitika. Akakaa. Kisha akasema taratibu kwamba amefikiri. Ndani kuna kivuli, kuna maji, kuna choo kizuri. Everlyne angeingia, apewe kona yake ukumbini, auze kwa jina la nyumba, na mambo ya kubishana yaishe.

"Tembo langu haliingii getini kwako," alisema Everlyne. "Wanaolitaka watoke nje. Wewe umetoka. Utakunywa?"

Mwenda akasema atakunywa. Everlyne akateka, akanywa kwanza mbele yake, akampa. Alivuta kwa mrija, akatulia, akavuta tena. Uso wake ukalegea, na kwa mara ya kwanza watu waliona kwamba ni kijana zaidi ya walivyodhani. Hata Njoroge alisubiri.

"Ni tamu," alisema Mwenda. "Hili limetoka mnazi upi?"

Everlyne akaelekeza kwa kidevu, juu ya ukuta, juu ya karatasi ya chifu, ghorofa ya pili. Dzombo alikuwa huko, ameketi hewani, miguu ikining'inia mbele ya dirisha, akifunga karara.

Mwenda akaangalia kwa muda mrefu.

"Everlyne," alisema, karibu kwa huruma. "Pale hapana minazi."

"Basi hujanywa kitu," alisema Everlyne. "Lete mboko yangu."

Akanyoosha mkono, na mkono ukabaki umenyooka mpaka Mwenda alipoirudisha, ikiwa nusu. Akashukuru, akaingia ndani, na mlinzi akafunga geti nyuma yake. Everlyne akamwaga lililobaki, akaisuuza mboko, akateka upya, akaonja, akampa Ndinda.