Vitwitwi wa Bwawani na Paka wa Ghala

Vumbi la ulezi lilipanda uani, likasimama juani, likakataa kutua. Upepo wa Ufipa ulilipeleka huku na kule, juu ya ungo, juu ya nyusi za wapepetaji, juu ya mgongo wa paka aliyeitwa Mgambo. Kazi ya Mgambo ilikuwa ghala.

Marsiana alikuwa ameolewa katika nyumba ile, pembeni mwa Malangali, mwaka mmoja uliopita. Mumewe, Yusto, alikuwa Kasanga akipakia mizigo bandarini. Nyumbani walibaki wawili, yeye na mama mkwe wake, Agnesi. Agnesi alisema kwa niaba ya wote wawili. Marsiana alisema kwa macho, kwa maji ya kuoga yaliyowahi kuchemka, kwa jembe.

Chini ya shamba palikuwa na bwawa, na ndani ya bwawa kisiwa kidogo cha nyasi. Hapo ndege waitwao vitwitwi walitaga kila kiangazi, ardhini tupu, mayai yenye madoa kama udongo wenyewe. Hawakujenga ukuta, ukuta wao ulikuwa maji. Lakini maji yakipungua, kisiwa kinapata mlango.

Na desturi ya nyumba ile ilikuwa hii: paka wa ghala halishwi. Akishiba atalala, akilala panya watavuna. Basi Mgambo alilinda ulezi akiwa na njaa, na kulipokucha njaa yake ilishuka bondeni, ikiinua miguu penye tope, ikavuka.

Marsiana alikuta maganda, na manyoya yamekwama nyasini. Ilibaki jozi moja tu ya ndege, upande wa mbali, imelalia mayai manne. Alisimama pale mpaka miguu ikapoa.

Jioni aliegemea mlango wa jiko.

"Mama."

"Ee."

"Mgambo anamaliza ndege wa bwawani."

"Ulitaka ale maharage?"

"Anawala kwa sababu sisi hatumpi kitu."

Agnesi aliacha kusonga ugali. "Kumbe unajua kuongea! Nami nilimwambia Yusto kaoa bubu." Akasonga tena. "Paka wa ghala halishwi."

Kulipopambazuka Marsiana alibeba jembe. Wafipa wanajua kuinua ardhi: mvua zikielekea mwisho hukata nyasi na udongo wake, hufunika majani ndani ya tuta la duara, yaoze, yalishe mahindi. Marsiana alikata vilevile, akapanga matuta vilevile, ila safari hii alichokitaka ni shimo. Alikata shingo ya nchi kavu iliyounganisha kisiwa na ukingo, bonge kwa bonge, mpaka maji yakaingia, kwanza meusi, kisha yenye mbingu ndani.

"Wewe," Agnesi aliita kutoka ukingoni, "unawalimia ndege?"

"Nawalimia, mama."

"Watakulipa nini?"

Marsiana aliwaza. "Makelele."

Agnesi akacheka mpaka akakaa chini.

Lakini maji yakipungua, kisiwa kinapata mlango, na kiangazi hakina huruma. Kila yaliposhuka, Marsiana alichimba zaidi. Viganja vilichubuka, vikakauka, vikawa vigumu. Ndege walimzoea; walimzomea kwa uvivu, kama majirani.

Asubuhi moja alimkuta Mgambo kwenye ukingo wa mfereji. Paka alitia mguu mmoja majini, akautikisa, akarudi nyuma, akajikunja apate kuruka. Ng'ambo, mayai yalikuwa yanapasuka, vifaranga wakitoka. Marsiana alikuwa mbali, na mbio zake hazingefika.

"Mgambo."

Sauti ilitoka nyuma ya paka. Agnesi alishuka bondeni polepole, ameshika bakuli la ugali na dagaa waliotumwa na Yusto. Aliliweka chini, akaligonga kwa kidole.

"Njoo ule, mwizi. Na ukisinzia ghalani, nakurudisha kwa mama yako."

Paka alitazama maji, akatazama bakuli. Akageuka.

Wanawake wawili walichuchumaa ukingoni, bega kwa bega, wakasikiliza paka akitafuna. Marsiana ndiye aliyesema. Alieleza kiota kilipo, siku walizolalia, ni yupi dume na yupi jike, na mama mkwe akawa anaitikia ee, ee.

Ng'ambo ya maji, juani, vumbi lilisogea. Lilisimama, likakimbia, likainama kunywa: chembe nne za vumbi, kila moja na miguu yake miwili.