Mfamasia Anaukunja Ufalme

Kila Jumamosi saa nane mchana, mfamasia alitandaza ramani aliyoichora kwa mkono juu ya meza yake ya chakula, akaanza kuwasimulia watu wazima watatu habari za ufalme usiokuwepo. Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi kueleza: yeye husimulia, kila mmoja huigiza mtu wake, na penye utata dadu huamua. Miaka sita walikuwa hivyo. Minne ya kwanza ilikuwa mitamu. Miwili iliyofuata alikuwa akijidanganya mchana kweupe.

Wachezaji wenyewe sasa! Kaka yake, fundi wa lifti, aliigiza shujaa; alifika amechelewa, akala karanga zote, kisha akauliza, "Tuko wapi vile?" Wifi yake aliigiza malkia huku kidole gumba kikikimbia juu ya simu. Wa tatu alikuwa mwalimu wa hesabu, waliyembandika jina la Kifungu, maana jani halikuanguka katika ufalme ule bila yeye kufungua kitabu cha sheria kuangalia kama lina ruhusa.

Jumamosi hiyo mfamasia alikuwa amejiandaa wiki tatu. Hata kazini, kati ya mgonjwa na mgonjwa, aliandika kifo cha malkia nyuma ya karatasi chakavu, akavuta kamasi kaunta nzima ikamsikia.

Akasimulia. Daraja likaanza kukatika, malkia akawasukuma wenzake ng'ambo, akabaki peke yake.

"Malkia anasema nini?" akamuuliza wifi yake.

"Nani, mimi? Ngoja nimalizie hii meseji." Wifi akainua macho. "Kwani nimekufa?"

"Hajafa," Kifungu akadakia, akilamba kidole kufunua kurasa. "Kuanguka kunataka dadu mbili."

"Kabla ya dadu, niambieni kitu kimoja," mfamasia akasema. "Miaka sita tunamwinda nani?"

Kaka akaacha kutafuna. "Si yule mwenye ndevu?"

"Ni mwanamke, kaka."

Cha ajabu, hakukasirika. Alijiona tu: mtu mzima, shahada yake ukutani, akiwabembeleza watu wafurahi. Akakunja ramani.

"Mchezo umeisha. Leo, si wiki ijayo."

Walivyopiga kelele, ungedhani wanafukuzwa nyumbani kwao. Wifi, ambaye hajamjali malkia miaka miwili, ghafla akamwonea uchungu. "Utamwachaje mwenzangu darajani?"

"Kaa naye."

Kifungu alitafuta kanuni inayomruhusu msimulizi kuacha, hakuiona, akatangaza kwamba kisheria mchezo unaendelea.

"Endeleeni, basi." Mfamasia akamsukumia dadu, akaingia jikoni.

Akiosha vyombo, aliwasikia wakijaribu. Walibishana dakika kumi kama mvua inanyesha au hainyeshi. Haikufika robo saa, viti vikaburuzwa.

Kaka akaja mlangoni. "Dada, huo mchezo sikuwahi kuuelewa. Nilikuwa nakuja kukuona wewe."

"Miaka yote sita? Na mdomo ulikuwa na kazi gani, zaidi ya kutafuna?"

Mfamasia akamtupia kitambaa. Kaka alifuta bakuli vibaya mno, huku akimweleza habari za lifti iliyokwama ghorofa ya tano, kisa kisicho kichwa wala miguu. Mfamasia alikisikiliza mpaka mwisho, na miayo alipiga miwili tu.